Sanduku la Udongo

Kinyozi wangu wa Majengo, hapa Goma, ametundika televisheni juu ya kioo, na kila Jumamosi huweka filamu ndefu ili wanaosubiri zamu wasichoke. Jumamosi iliyopita ilikuwa sehemu ya tatu ya Bwana wa Pete, kwa sauti za Kifaransa. Ni hadithi ya Tolkien ya Frodon, hobiti, yaani mtu mfupi wa jamii ya kubuniwa, anayebeba pete ya uovu hadi Mordor, nchi ya adui, ili aiteketeze ndani ya mlima wa moto. Tulikuwa saba kwenye benchi. Watatu tulikuwa tumekisoma kitabu, wanne hawakuwa wamekisoma, na ubishi ulianza kabla hata jeshi la Mordor halijafika kwenye kuta za Minas Tirith.

Kijana mmoja wa chuo kikuu, kichwa kimenyolewa nusu, aligeuka kwenye kiti akasema: "Balimutosha Tom Bombadil! Mutu mwenye buti za manjano, balimutosha yote!" Yaani kwenye filamu wamemwondoa kabisa yule mzee wa msituni aliyemo kitabuni. Kinyozi, ambaye kitabu hajakigusa lakini filamu ameiona hata hesabu imempotea, alimrudisha kichwa mbele taratibu, akamjibu: "Sasa alikuwa anafanyaka nini mule? Bila yeye filamu inaendelea tu." Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyekuwa amemleta mwanawe kunyolewa, akaingia kumtetea Faramir, kapteni anayemkamata Frodon njiani. Kwenye kitabu Faramir anaikataa pete tangu mwanzo. Kwenye filamu anamburuta Frodon hadi Osgiliath ndipo moyo umgeuke. Mwingine, anayesoma jiolojia, alingoja Gollum, kiumbe anayeitamani ile pete, aanguke ndani ya mlima, ndipo akatuambia kwamba mwili wa mtu hauwezi kuzama vile, maana lava ni nzito kuliko nyama na mifupa. Hapo hata wale wanne walitega masikio. Mtu akizungumza habari za lava katika mji huu, watu hunyamaza wakamsikiliza.

Nimekaa kwenye mabishano ya namna hii tangu ujana wangu, na nayapenda. Watu hawagombanii kitu wasichokijali. Lakini nilitoka pale kwa kinyozi na jambo moyoni, kwa sababu tulibishana karibu saa mbili juu ya waliokatwa na waliobadilishwa, na pengo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote hakuna aliyelitaja, hata mimi. Nalitaja hapa.

Nianze na neno tunalopenda kulitupa katikati ya ubishi: kitabu chenyewe. Kwetu ni wachache waliokishika kitabu chenyewe. Tolkien aliandika kwa Kiingereza, kazi yake ikatoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Sisi tuliisoma kwa Kifaransa cha Francis Ledoux, kilichotoka mwaka 1972 na 1973, ndiyo maana midomo yetu inasema Frodon Sacquet. Daniel Lauzon alipoanza kutoa tafsiri mpya mwaka 2014 akamwita Frodo Bessac, na wapo hadi leo wasiotaka kulisikia jina hilo. Harry Potter naye ni hivyo hivyo. Mtafsiri Jean-François Ménard alihitaji kumpa mchawi mwovu Voldemort jina la kuzaliwa ambalo herufi zake zikipangwa upya zitoe sentensi ya Kifaransa, "Je suis Voldemort", yaani mimi ni Voldemort, akaunda Tom Elvis Jedusor. Huyo Elvis hayumo kabisa kwenye Kiingereza. Ni mtoto wa mtafsiri, na sijakutana na msomaji wa Goma aliyemlalamikia. Tulichokipenda kilikuwa kimeshapita kwenye mikono ya mtu mwingine kabla hakijatufikia, na tukakipenda vivyo hivyo.

Tena hatuhitaji kwenda mbali ili tujue kwamba hadithi hukatwa. Kule Walikale, kwa Wanyanga, kuna utenzi wa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema. Mwaka 1956 msimulizi aitwaye Shekarisi Rureke aliusimulia mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck na waandishi wake kwa siku 12. Aliimba, alicheza, aliigiza, mkononi ana usinga uitwao conga kama ule wa shujaa wake, huku wenzake wakimpigia fimbo na kumwitikia. Kitabu kilichotokana na siku hizo kilitoka mwaka 1969, chenye jina la Biebuyck pamoja na la Kahombo Mateene. Rureke mwenyewe alieleza kwamba kabla ya hapo hakuwa amewahi kuisimulia hadithi nzima kwa siku mfululizo namna ile. Desturi ni kuchukua kipande. Usiku huu watu wanapata ngoma inayoelea mtoni na mtoto ndani yake. Usiku mwingine wanapata safari ya kuzimu kwa Muisa. Na wasimulizi wengine wana Mwindo wao, ambao haufanani na wa Rureke kila mahali; baadhi ya matoleo hayo Biebuyck aliyachapisha mwaka 1978.

Kwa hiyo kinyozi yuko sahihi kuhusu Bombadil, na namuunga mkono bila kusita. Kukata ni sehemu ya kazi ya msimulizi. Filamu tatu za Peter Jackson, zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003, zilionyeshwa kwenye kumbi kwa jumla ya zaidi ya saa tisa, na toleo refu linapita saa 11. Hata hivyo kurasa ni nyingi mno. Kumwondoa mzee anayeimba msituni, kumpa binti Arwen farasi na kivuko ambavyo kitabuni ni vya shujaa mwingine, Glorfindel, hayo msimulizi anaweza kuyafanya na hadithi ikabaki imesimama.

Lakini Rureke angeweza kukata nini na nini asingeweza? Hapo ndipo swali lilipo. Tolkien mwenyewe alikutana nalo akiwa hai. Mwaka 1958 aliletewa mpango wa filamu uliotoka Marekani, akaujibu kwa barua ndefu yenye hasira. Hoja yake kuu ninaikubali neno kwa neno: kanuni za kusimulia haziwezi kutofautiana kabisa kati ya kitabu na filamu, na filamu mbaya mara nyingi hushindwa kwa sababu watengenezaji hawakutambua moyo wa kazi uko wapi. Hakuwa mtu wa kukataa kila kisu. Alikuwa anauliza kisu kinapita wapi.

Moyo huo wakati mwingine uko mahali ambapo mtazamaji anadhani ni ngozi tu, na hapa nina maana ya ngozi hasa. Ursula Le Guin alipoandika habari za mchawi wake Ged mwaka 1968, alimpa rangi ya kahawia yenye wekundu, na rafiki yake wa karibu akamfanya mweusi. Alifanya hivyo kwa kukusudia, katika aina ya hadithi ambamo mashujaa wote walikuwa weupe. Televisheni ya Marekani ilipoitengeneza kazi hiyo mwaka 2004, Ged akawa kijana mzungu, na Le Guin akaandika hadharani kuwalaumu. Miaka 18 baadaye, mfululizo wa televisheni uliotokana na dunia ya Tolkien ulipomweka elfi, mtu wa jamii ya wasiokufa kwa uzee, mwenye ngozi nyeusi na hobiti weusi, kelele zilikuwa kubwa zaidi, ingawa Tolkien mwenyewe, kwenye utangulizi wa kitabu, ameandika kwamba kabila moja la mababu wa hobiti lilikuwa na ngozi ya kahawia kuliko wenzao. Watu walitetea kitabu ambacho utangulizi wake hawakuusoma. Mambo haya mawili hayalingani, na nisingependa yawekwe kwenye kapu moja: kwa Le Guin rangi ile ilikuwa uamuzi wa mwandishi, na kuifuta ni kufuta alichokuwa anasema.

Sasa nifike kwenye pengo langu.

Filamu ya kwanza niliiona kwenye chumba cha video mtaani Birere, mbao za kukalia zimepangwa kama kanisani, jenereta inanguruma nje. Diski ilikuwa ile ya msimuliaji, yaani mtu anaeleza kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Mlima wa moto ulipotokea kwenye kioo, ukumbi mzima wa watoto ulipiga kelele: "Nyiragongo!" Msimuliaji aliendelea na maneno yake, hakuna aliyemsikia. Mlima wenyewe ni Ngauruhoe wa New Zealand, na kilele chake hawakuruhusiwa kukipiga picha kwa sababu kwa Wamaori ni kitakatifu. Hilo mtu wa huku analielewa bila kuelezwa. Wazee wetu nao husema ndani ya Nyiragongo ndimo zinamokwenda roho za waovu.

Tulikuwa na sababu ya kupiga kelele. Tarehe 17 Januari 2002, wakati filamu hiyo ilikuwa na mwezi mmoja tu tangu itoke huko duniani, Nyiragongo ilipasuka ubavuni na lava ikashuka, ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Nilikuwa na miaka 12. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa miguu, mama amebeba godoro kichwani, baba ameshika redio kwa mkono mmoja na dada yangu mdogo kwa mkono wa pili. Siku chache baadaye watu wakaanza kurudi, na hakuna aliyetuambia kwamba ni salama. Tulipita juu ya gamba la lava lililokuwa bado linafuka. Soli ya ndala yangu ya kushoto ililainika ikang'ang'ania jiwe, nikaiacha pale. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limeungua. Kwetu hapakuwa na nyumba. Baba alikitambua kiwanja kwa mti wa jirani, uliokuwa umebaki fimbo nyeusi.

Halafu yakaja yale ambayo sijayaona kwenye sinema yoyote. Majirani waliokuwa wakila sahani moja waligombania mipaka iliyozama chini ya jiwe. Kila mmoja alikuwa na hakika ukuta wake ulipita wapi. Baba alijenga nyumba ya mbao juu ya lava, kama wengine wote. Nyumba ilipokwisha, mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alituletea magunia manne ya udongo mweusi. Nakumbuka uzito wa yale magunia kwa sababu tuliyaburuta watatu, na nakumbuka baba akiuponda udongo kwa vidole, akiutandaza ndani ya duara la mawe lisilozidi mita mbili kwa tatu. Alipanda lengalenga, yaani mchicha. Juu ya lava huwezi kulima kitu mpaka uwe umenunua ardhi ya kumwaga juu yake, na yeye aliinunua kabla hajanunua kitanda.

Kitabu nilikisoma mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi, juzuu za kuazima. Nilipofika pete inapoteketea nilifunga kitabu nikijua kwamba nimemaliza, kwa sababu filamu nilikuwa nimeiona. Nikaona kurasa bado ni nyingi mkononi. Baada ya mlima kuna sura sita nzima. Ya nane katika sehemu ile ya mwisho ndiyo ile ya kusafisha Comté, nchi yao wale hobiti wanne, Frodon na wenzake.

Wanarudi nyumbani washindi, wanakuta lango limefungwa darajani. Ukutani kuna orodha ya amri. Mavuno yanakusanywa eti yagawanywe kwa haki, kisha hayaonekani tena. Miti imekatwa ikaachwa ilale. Vijana wa nchi hiyo hiyo wamevishwa manyoya kofiani na kutumwa kuwakamata ndugu zao, na wengine wanaona aibu, wengine wameshaonja utamu wa kuamuru. Nyuma ya yote yuko mchawi Saroumane, aliyepoteza ngome yake na sasa anaharibu kitu kidogo kwa sababu hawezi tena kuharibu kikubwa. Hobiti wanainuka. Frodon anapita katikati ya mapigano bila kuchomoa upanga, kazi yake ni kuwazuia wenzake wasiue waliosalimu amri. Wanakufa hobiti 19. Majina ya wote walioshiriki yanaandikwa, na wanahistoria wao wanayakariri kwa moyo.

Kisha Sam, mwenzake Frodon wa safari yote, anakumbuka sanduku. Tangu kitabu cha kwanza amelibeba. Galadriel, bibi wa elfi, alipokuwa akiwapa wasafiri zawadi, wengine walipata mikanda na ala ya upanga. Sam, kwa kuwa ni mtunza bustani, alipewa sanduku dogo la mbao lenye udongo wa shamba lake na mbegu moja. Alilibeba hadi Mordor na kurudi bila kulifungua. Sasa anazunguka Comté nzima, anatia chembe moja ya udongo kwenye shina la kila mche, na mahali ulipokatwa mti wa sherehe anapanda ile mbegu.

Niliisoma sura hiyo usiku, kwa taa ya simu, na nikamwona baba na magunia yake manne.

Kwenye filamu hakuna kusafishwa kwa Comté. Na kwa kuwa hakuna kurudi kwenye uharibifu, sanduku halina kazi. Katika toleo refu la filamu ya kwanza Galadriel anampa Sam kamba. Ni kamba nzuri, inawasaidia kushuka majabali. Lakini tazama kilichobadilishwa na nini: chombo cha kuponyea ardhi kimekuwa chombo cha kupandia milima. Kwa kubadilisha kitu kimoja kidogo mkononi mwa mtu mmoja, hadithi yote imegeuka ikawa inaelekea mlimani tu.

Mtu ataniambia muda haukutosha. Muda ulikuwepo. Filamu ya tatu, baada ya pete kuteketea, inaendelea kwa karibu dakika 20 za kuagana, kukumbatiana na kuvikwa taji. Wengi walizilalamikia dakika hizo kwamba inamalizika mara nyingi. Mimi najua kwa nini zinachosha: ni kwaheri zinazofuatana bila kazi yoyote katikati yake. Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Katika filamu ya kwanza Frodon anatazama kwenye kioo cha Galadriel na anaiona Comté inaungua, hobiti wamefungwa minyororo. Kitabuni anayetazama miti ikikatwa ni Sam, na anataka kurudi nyumbani papo hapo. Yaani watengenezaji waliijua sura hiyo. Waliitoa kama tishio, kisha wakailipa kwa kusema haikutokea.

Hoja nzito ya upande wa pili niliisikia kwa mwalimu yule, nilipompigia simu siku iliyofuata ili tuendelee. Alinikumbusha kinachotokea kwenye filamu: wale wanne wanarudi, kijiji kiko vile vile, wanaketi baa na bilauri zao, na wanakijiji wanashughulika na boga kubwa la mtu mmoja. Hakuna anayewauliza wametoka wapi. Wanatazamana kimya. "Hiyo nayo ni kweli, yaya," aliniambia. "Kuna watu wanatoka kwenye vita, na wale wa nyumbani hawatakikaka kujua."

Ni kweli, na tukio lile limetengenezwa kwa mkono wa ustadi. Nimelitazama tena kwa sababu yake. Naliheshimu pia kwa kuwa filamu haikuficha kidonda cha Frodon. Anaondoka bandarini kama kitabuni, kwa kuwa wapo wasiopona. Lakini ukweli ule ni wa askari anayerudi kwenye kijiji ambacho vita haikukifikia. Tolkien aliujua ukweli huo kwa mwili wake. Alipigana kwenye mapambano ya Somme mwaka 1916, na kufikia mwaka 1918, kwa maneno yake mwenyewe, rafiki zake wa karibu wote isipokuwa mmoja walikuwa wamekufa. Alirudi Uingereza ambayo nyumba zake zilikuwa zimesimama. Angeweza kabisa kuandika lile tukio la boga. Akaamua kuandika lango lililofungwa. Na katika utangulizi wa toleo la pili alisema wazi kwamba sura ile ni ya lazima katika muundo wa hadithi na kwamba aliitazamia tangu mwanzo. Aligusia pia nchi ya utoto wake, iliyokuwa ikiharibiwa kabla hajafikisha miaka kumi.

Kwetu tofauti hiyo ina uzito ambao huenda mtazamaji wa mji mwingine haupati. Watu wa Goma tumekimbia na kurudi mara nyingi. Mwaka 2021, mwezi wa tano, tulikimbia tena mlima ule ule. Na mlima siyo kitu pekee tulichokimbia. Tunajua kwamba siku ya kurudi siyo mwisho wa hadithi. Ndiyo siku unayokuta orodha ya amri ukutani, na jirani yako amevaa manyoya kofiani.

Ukishaliona pengo hili mahali pamoja, utaliona kwingine. Katika kitabu cha saba cha Harry Potter, cha mwaka 2007, Voldemort anakufa alfajiri ndani ya ukumbi mkubwa, mbele ya macho ya shule nzima, na anaanguka kama mtu yeyote anavyoanguka. Maiti yake inabebwa na kuwekwa chumba kingine, mbali na marehemu waliompinga. Katika filamu ya mwaka 2011 anavunjika vipande kama karatasi iliyoungua, upepo unambeba, na aliyepo ni Harry peke yake. Inapendeza kuitazama. Lakini mwandishi alikuwa anasema kitu: aliyewatisha watu hadi wakaogopa kulitaja jina lake alikuwa mtu, ana mwili, na kila mmoja aliuona umelala. Mahali ambapo maiti ya mtu mbaya haikuonekana, minong'ono haiishi. Kila mwaka kuna anayeapa kwamba amemwona hai mahali fulani. Kuwanyima wale wanafunzi ile maiti ni kuwaachia hofu.

Kazi ya Philip Pullman, mwandishi Mwingereza, ilikatwa waziwazi kuliko zote. Kitabu chake cha mwaka 1995 kinamalizika msichana Lyra akigundua kwamba safari yake yote ya kumwokoa rafiki yake Roger imempeleka Roger kwenye kifo. Sura hizo zilipigwa picha, kisha zikaondolewa kwenye filamu ya mwaka 2007, ili filamu ifunge kwa matumaini na zile sura zifungue filamu ya pili. Filamu ya pili haikutengenezwa. Ikabidi kungoja mfululizo wa televisheni, kuanzia mwaka 2019, ndipo hadithi ipate mwisho wake.

Katika zote tatu kisu kimepita mahali pamoja: baada ya ushindi, au pale ushindi unapodai malipo. Watengenezaji huogopa kwamba mtazamaji ameshachoka, anatafuta viatu vyake. Nadhani wanamdharau. Watoto wa Birere waliokuwa wakipiga kelele za Nyiragongo walikuwa wamerudi kwenye viwanja vya lava miaka michache tu kabla. Wangekaa. Wangetaka kujua Sam alifanya nini na udongo.

Nasema haya pia kwa sababu ya Mwindo. Goma ina vijana wanaojua kushika kamera, kituo cha sanaa cha Yolé!Africa kimewalea wengi, na tamasha la filamu la mji huu limewapa ukuta wa kuonyeshea kazi zao. Siku moja mmoja wao atamtengeneza Mwindo, na vishawishi vitakuwa vingi. Kuna baba, Shemwindo, anayekataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Kuna mkuki unaotupwa ukakosa, kaburi linalomrudisha mtoto, ngoma inayoelea hadi kwa shangazi Iyangura. Kuna radi ya Nkuba, mwenye radi, inayoipiga Tubondo, kijiji cha Shemwindo, na kuzimu. Mwindo anamfuata baba yake kuzimu, anamrudisha, anamsamehe, watu wa Tubondo wanafufuka. Hapo muziki utapanda, na kila mtu atataka kusimamisha filamu hapo.

Rureke hakusimama hapo. Mwindo mshindi anaendelea kujisifu. Anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, na Nkuba anashuka kumchukua na kumpandisha mbinguni. Huko anakaa mwaka mzima bila nyumba yenye joto, Mvua inampiga, Jua linamchoma, Mwezi na Nyota wanamkemea. Anarudi akiwa mtu mwingine, anawaita watu wake na kuwapa maagizo. Anawaambia walime vyakula vingi, wakae kwenye nyumba nzuri, wasigombane wao kwa wao.

Kijana huyo akiniletea andiko lake nitafungua kurasa za nyuma kwanza, nimtafute Mwindo kule kwenye baridi. Na ile sehemu ya maagizo haihitaji kompyuta wala fedha nyingi: mtu mmoja amesimama mbele ya watu wake anazungumza habari za mashamba na nyumba. Ikiwa anatafuta mahali pa kuipigia picha, ua wa baba upo. Lengalenga zimefika magotini, mawe ya duara bado yako mahali alipoyapanga, na asubuhi mwanga huingia kutoka upande wa Gisenyi.